Pumzi Ilitoka Kwenye Kaseti

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maziwa nayaonja kwanza nijue kama yameongezwa maji, na jirani akinichangamkia kupita kawaida najiuliza anataka nini. Wanangu hunicheka. Nawaacha wacheke, maana hawajui kwamba tabia hii ilinipotezea mtu.

Alikuwa mtoto wa baba mdogo. Kwetu Uru, mlimani Kilimanjaro, huyo ni kaka, hakuna cha binamu. Nyumba zetu zilikuwa kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo aliloliacha babu, zikitenganishwa na migomba, kahawa na mfongo, mfereji wa maji mwembamba kiasi kwamba mtu mzima anauvuka kwa hatua moja. Tulisoma wote sekondari ya mjini Moshi, tukishuka asubuhi na kupanda jioni kwa miguu.

Miaka ile ya soko huria vitu vilikuwa vinaingia kutoka kila upande. Ndani ya marobota ya mitumba yaliyopita mpakani Holili zilikuja pia kaseti, na katika kaseti hizo kulikuwa na mchanaji mmoja wa Marekani, sauti nzito, haraka hana. Watu wazima waliuita muziki wake kufokafoka. Sisi ulitushika kama homa. Kaseti halisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na nakala ya nakala, tuliyorekodiwa na mzee mmoja wa Kihindi dukani kwake karibu na soko. Mzee yule alitukazia macho muda wote akidhani tutamwibia betri, na sisi tulimkazia macho tukidhani anatupunja nyimbo.

Kwenye wimbo wa pili kulikuwa na jambo la ajabu. Sauti ilikatika kidogo, kwa vipindi vinavyokaribiana, na mara nyingi ikakatika kabla tu ya neno la mwisho la mstari. Kimya kifupi, kisha neno. Tuliketi kando ya mfongo na redio ya baba mdogo tukisikiliza kile kimya mpaka tukakijua kwa moyo. Tuliamini hapo ndipo penye ubingwa wake.

Mimi nilikuwa naandika, yeye anachana. Msichana wa kwaya ya Kilutheri angechana wapi? Niliandika mistari ya Kiswahili kwenye daftari lenye jalada la kijani, na kila mahali pa kuvuta pumzi nikaweka kimsalaba kidogo kwa kalamu nyekundu. Mama alikuwa akiliangalia daftari lile kama anavyoangalia nyoka kwenye majani ya ng'ombe, ila hakusema kitu.

Tulipomaliza shule kaka yangu akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Wiki aliyoondoka, daftari likapotea. Nilitafuta chini ya kitanda, darini penye ndizi, hata bandani kwa ng'ombe. Sikumwuliza mtu. Tayari nilishajua nani amelichukua.

Mwaka haukuisha. Siku moja nilikuwa Himo njia panda nikisubiri gari la kurudi Moshi, redio ya kibandani ikapiga wimbo mpya, na sauti ikawa yake. Mapigo yalikuwa mengine, maneno yalipita haraka nisiyashike, lakini kabla ya neno la mwisho akanyamaza. Palepale penye msalaba wangu. Wenzangu kibandani walikuwa wakitingisha vichwa, nami nikasema moyoni: mwizi.

Tangu hapo sikupata pa kujificha. Kile kimya kilisambaa. Vijana wa Moshi walikiiga kwanza, halafu wa Arusha, halafu nikaanza kukisikia kwa wachanaji ambao hawajawahi kuuona mlima. Kwenye redio walimwita mwalimu. Kila niliposikia kijana akinyamaza kabla ya neno la mwisho, nilijihisi kama ninayepita sokoni na kuona nguo zangu zikiuzwa.

Krismasi iliyofuata akarudi nyumbani, kama wote wanavyorudi. Sikuvuka mfongo kwenda kumsalimu. Siku ya tatu akaja yeye, tukiwa tumekaa uani na mama na baba mdogo, mkononi ameshika tawi la isale. Asiyetoka kwetu ajue hivi: isale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea kuomba yaishe, unapokea. Hata kama alichoma nyumba yako, unapokea.

Alipiga goti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Dada, sijui nimekukosea nini. Lakini umeninunia, hata kunisalimu hukuja. Pokea, yaishe."

"Kama hujui kosa lako, umeleta isale la nini?" nikamwuliza.

Akalinyoosha tawi karibu nami zaidi. Mimi nikaona nimemnasa. Mtu asiye na hatia atabebaje isale? Kwangu tawi lile lilikuwa sawa na kukiri mahakamani. Nikaingia ndani, nikamwacha amepiga goti. Nilimsikia baba mdogo akisema kwa Kichagga neno ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa mbele ya mama. Baadaye nilichungulia dirishani nikamwona mama ameliokota lile tawi, analichomeka ardhini kando ya mfongo, anashindilia udongo kwa kisigino. Nilidhani anaona aibu kwa ajili yangu.

Miaka ikapita. Kaka yangu alichoka na Dar, akarudi, akajenga ng'ambo ya mfongo. Vijana walimfuata hadi huko juu kujifunza kwake. Tulipokutana kanisani au msibani tulitazama pembeni. Niliolewa, nikazaa, nikarudi kumtunza mama, na bado sikuvuka.

Halafu binti yangu akaleta nyumbani sidii ya yule Mmarekani. Akaweka wimbo wa pili. Nikasubiri kile kimya. Hakikuja. Mstari ulikwenda moja kwa moja mpaka mwisho, na wa pili hivyohivyo. Nikamwambia airudie, nikamwambia tena, mpaka akaniuliza kama naumwa. Mchanaji yule hakuwahi kunyamaza mahali popote. Ilikuwa kaseti yetu, mkanda uliochakaa. Kimya kile kilichowafikia vijana wa nchi nzima kilizaliwa kwenye nakala mbovu, na tuliisikiliza wawili; kilikuwa chake kama kilivyokuwa changu.

Nilijaribu kubaki na hasira yangu. Daftari je? Daftari si alichukua?

Jumapili moja mama akanituma nimtolee kitenge cha kanisani kwenye sanduku lake. Chini kabisa, chini ya shuka, lilikuwepo jalada la kijani.

"Niliogopa," mama alisema nilipolishika mbele yake. "Niliona utamfuata Dar na muziki ule."

"Na siku ile alipoleta isale, mama? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshalikataa. Ningesema, mngenikataa wote wawili." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Nikalipanda. Sikujua nifanye nini kingine."

Nilimkasirikia mama, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nilisoma daftari lote nimekaa sakafuni. Mistari yangu ilikuwa ya kitoto, na katika nyimbo zake, ambazo miaka yote hiyo sikuwahi kuzisikiliza mpaka mwisho hadi jioni ile binti yangu aliponiwekea, hakukuwa na hata mmoja. Hakuwa na kosa. Alipiga goti bila kosa kwa sababu alimtaka dada yake kuliko alivyotaka kuwa na haki.

Isale la mama limenipita kimo sasa. Nililipita kila siku nikienda kukata majani ya ng'ombe, bila kujiuliza kwa nini mama alilipanda. Jumatatu asubuhi nilikata tawi, nikavuka mfongo kwa hatua moja.

Alikuwa uani anamenya ndizi za mtori. Nywele zimeingia mvi. Nilipiga goti, nikanyoosha mikono. Aliliangalia tawi, akaniangalia mimi, kisu bado mkononi, na niliona wazi kwamba ananishuku.

"Umeleta isale la nini?" akauliza.

"Nina kosa," nikasema. "Wewe hukuwa nalo."

Akaweka kisu chini. Akapangusa mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja, mimi nimepiga goti kwenye maganda.

"Leta," akasema, "dada."