Gambuti za Kuazima Kortini

Aibu hii nimeificha miaka, lakini kwa vile Kanduyi nzima wanaijua, hata wewe chukua ucheke.

Korti ya Bungoma ilikuwa imeniamuru nitume pesa za matunzo ya mwanangu Simiyu kila mwezi, maana alikuwa akiishi Kanduyi na mama yake, Nekesa (tuliachana, na makosa ni yangu). Mimi niko zangu Kitale nauza mahindi, nikasikia kwamba mtu akifilisika anaweza kurudi kwa hakimu apunguziwe, nikajiambia, kwani ufukara ni nini, si ni nguo tu? Nikaazima koti la mfanyakazi wangu, lililotoboka viwiko, na gambuti zake, viatu virefu vya mpira vyenye mavi ya ng'ombe, nikaingia Bungoma nikinuka kweli kweli.

Kizimbani nikashika Biblia, nikasema biashara imekufa, gari sina, ng'ombe sina, hata kuku sina. Nekesa, aliyeketi benchi la mbele, akatikisa kichwa. Hakimu, mama mmoja mpole, akaanza kuandika, nami moyoni nikawa nishapunguziwa nusu.

Shida ni kwamba ulikuwa Agosti, mwaka wa tohara, na kwetu kijana anayeenda kutahiriwa huzunguka na njuga na waimbaji akialika jamaa, na baba harukwi. Ndugu yangu (mdomo wake hauna mlango) akamwelekeza kortini Simiyu, ambaye zamu yake ya kutahiriwa ilikuwa imefika. Tukasikia njuga uani, na waimbaji wakimsifu baba aliyeleta fahali mweusi jana, kwa lori lake mwenyewe, kutoka Kitale.

Hakimu akaweka kalamu chini, akauliza huyo baba ni nani. Nekesa akaninyooshea kidole.

Simiyu akaitwa ndani, mwili mzima umepakwa unga kama ilivyo desturi ya tohara. Akaangalia koti, akaangalia gambuti, macho yakamjaa machozi.

"Baba, kama umeuza vitu zote juu ya huyo ng'ombe, si urudishe tu. Mimi nitasimama kwa kisu hata bila nyama."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Hakimu hakupunguza, aliongeza, akaniambia nikikosa hata mwezi mmoja nitalala jela.

Alfajiri iliyofuata Simiyu alisimama bila kupepesa jicho. Aliyelia ni mimi, na waimbaji tayari walikuwa na wimbo wa gambuti. Tangu siku hiyo pesa zake zilifika kabla ya tarehe, na koti la mtu mwingine silivai hata mvua ininyeshee.