Keria ya Mjomba Badi

Siku ya harusi ya mpwa wake Waridi, keria ya Badi, vile vyuma vya kubebea mizigo juu ya gari, ilikatika mbele ya wakwe. Kabati la bibi harusi liliporomoka kutoka juu ya Probox yake likapiga lami pale Changamwe, vioo vikatawanyika, na ndugu za bwana harusi wamejipanga mlangoni wanatazama. Badi alishuka hajui aanze kuokota au aanze kuomba radhi. Wanawake hawakumngoja. Vijembe vilitungwa papo hapo, vikavuka feri na kufika Likoni kabla yake mwenyewe.

Ukoo wao una desturi yake: kitanda cha bibi harusi hubebwa na mjomba, na vyombo vingine vyote humfuata nyuma. Mjomba asiye na gari huazima hata mkokoteni. Sasa Nadira, mdogo wake Waridi, alikuwa kaposwa na watu wa Mjambere, na mama yao Mwanaima, dada mkubwa wa Badi, akamwita kakake nyumbani kwake Bofu.

"Badi, n'sikiza. Kitanda cha Nadira nitakodi pikapu."

"Na mimi, dada?"

"Wewe utakuja kula pilau kama watu wengine."

Neno hilo lilimchoma kuliko vijembe vyote. Mjomba wa kula pilau tu ni mjomba gani? Alirudi kwake, akaifungua keria, akailaza uani na kuitazama vizuri, jambo ambalo, tuseme kweli, hakuwahi kulifanya tangu ainunue.

Si kwamba hakuipenda. Kila Idi, alipowanunulia wanawe nguo mpya, na keria aliinunulia kopo la rangi. Aliipaka juu ya rangi ya zamani, juu ya vumbi, juu ya chumvi, nayo iking'aa alitembea kifua mbele. Kazi yake ni kubeba makreti ya samaki, na maji ya samaki, chumvi tupu, yalichuruzika juu ya vyuma vile kila siku ya Mungu. Alipokwangua ilitoka rangi ya fedha, chini yake buluu, chini yake kijani ya Idi asiyoikumbuka, na chini ya kijani chuma kilibonyea kwa kidole. Akainamisha bomba moja, ukamwagika unga mwekundu. Ncha zilikuwa wazi, kutu ikila ndani huku yeye akipamba nje. Badi alicheka peke yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mabomba yaliyooza fundi wa kuchomelea aliyabadilisha. Yaliyobaki Badi aliyasugua mwenyewe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akayapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akayaacha yakauke sawasawa, ndipo akapaka nyeusi juu. Ncha aliziziba. Bolti akaweka mpya, zimepakwa grisi. Na tangu hapo, kila akishusha samaki, keria ilioshwa kwa maji matamu na kufutwa kwa kitambaa, na palipokwaruzika palipakwa siku ileile.

"Maji ya kuoga twanunua, we waogesha vyuma," mkewe alilalama.

Idi ikaja, ikapita, keria haikuonja rangi ya sikukuu. Harusi ilipokaribia, Badi akaliendesha gari hadi Bofu. Mwanaima alitoka nje, akaizunguka.

"Yang'aa," alisema. "Hata siku ile ya Waridi ilikuwa yang'aa."

"Usitazame, dada. Ning'inia."

Mwanaima si mwanamke mwepesi, na yeye mwenyewe hujivunia. Alikaza leso, akashika chuma kwa mikono miwili, akakunja miguu. Gari liliinama. Keria haikutoa hata mlio. Akabaki pale ananing'inia, majirani wakachungulia madirishani.

"Basi, shuka, dada."

"Niwate kwanza, bado napima," alisema Mwanaima. Aliposhuka alijifuta viganja kwa leso. "Pikapu n'taiambia isije."

Siku yenyewe kitanda cha mvule kilipanda juu ya Probox, watu sita wakitoka jasho. Kilivuka feri, kikapita matuta yote ya Kisauni, na kila tuta Badi alipunguza mwendo akatoa kichwa dirishani kuitazama keria. Walipofika Mjambere, Badi alizifungua kamba yeye mwenyewe. Kitanda kilishuka kizima, hakina hata mkwaruzo, na wanawake walipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili.

Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alipapasa ubao wa kichwani, akauliza, "Kitanda hiki kaleta nani?"

"Kaleta mjomba'ke," alijibu Mwanaima, akiipaza sauti isikike hadi barabarani. "Huyo hapo. Mjomba'ke."

Badi akawapa mgongo, akajifanya anakunja kamba, maana machozi yalishamtoka na hakuwa na haja ya kuyazuia.