Neno la Mtu Anayeondoka

Pale soko la Kebirigo, ukitaka kumpata Gesare usimtafute kwa macho, mtafute kwa masikio. Ndizi zake huziuza kwa kelele, akimtania huyu na kumsuta yule, na mteja aliyekuja kwa kichana kimoja huondoka na viwili huku anacheka. Shule aliiacha darasa la saba ili mdogo wake, Nyakundi, aendelee. Mama yao alikuwa mgonjwa, hivyo Gesare ndiye aliyemlea huyo mvulana kwa majani chai aliyoyachuma. Ameolewa, amezaa wanne, amefiwa na mume, na siku ya Sabato sauti yake ndiyo inayoongoza kwaya ya akina mama. Maneno hayajawahi kumpungukia, isipokuwa neno moja.

Neno hilo hata mimi ninayesimulia nalizunguka kwanza. Kwao kulikuwa na mjomba aliyezikwa bila wimbo wala matanga, na tangu siku ile jina lake halikuitwa tena, wala hakuna mtoto aliyepewa. Gesare alipouliza, akiwa msichana mdogo, mama yake alimfinya shavu. Akakua akiamini kwamba ukilitaja jambo lile umeliita, nalo litakuja. Ujinga, utasema. Basi ujinga huo umekaa raha mustarehe katika nyumba nyingi zenye Biblia mezani.

Nyakundi alikuwa dereva wa lori la majani chai. Mvua za Aprili zilimkuta kwenye mteremko karibu na Magwagwa, lori likamshinda, na wanawake wawili waliokuwa wakitoka shambani wakafa. Korti ikampa miaka minne. Mkewe akachukua watoto na kurudi kwa wazazi wake. Kila siku ya wageni Gesare alikwenda gerezani, na kila mara alimkuta ndugu yake amepungua: usingizi umemkimbia, chakula hakipiti, jibu lake ni ndiyo au hapana. Gesare aliyaona yote hayo. Akamletea sabuni, akamsomea Zaburi, akamweleza habari za ng'ombe. Lililokuwa la kuulizwa hakuliuliza, kwa sababu aliogopa kujibiwa.

Jumanne moja Nyakundi alikuja tofauti. Alifika kwenye wavu amenyoa ndevu, sare yake ya milia imefuliwa, na uso umetulia. Aliuliza habari za kila mtoto kwa jina. Akamshukuru dada yake kwa kumwachia nafasi ya shule, jambo ambalo hakuwa amelitaja miaka yote hiyo. Gesare alifurahi mpaka akatokwa na machozi, akasema moyoni kwamba Mungu amejibu. Muda ulipoisha Nyakundi aliweka kiganja kwenye wavu na kusema, "Tigara buya, dada." Gesare akaitikia tu, mawazo yakiwa kwenye safari ya kurudi, akatoka.

Alikuwa ameshafika kwa wachoma mahindi, ng'ambo ya barabara, ndipo miguu yake ilipokataa.

Katika Ekegusii kuagana kuna maneno mawili. Anayeondoka humwambia anayebaki tigara buya, yaani baki salama. Anayebaki humjibu genda buya, nenda salama. Hata mtoto anayeanza kusema hayachanganyi, kama asivyokosea mlango wa kwao. Miezi tisa Nyakundi, aliye ndani, alikuwa akimwambia genda buya. Leo alikuwa amesema neno la mtu anayeondoka.

Alirudi mbio, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, leso mkononi. Langoni alikuwapo sajini mmoja, mtu wa Voi, mpole kwa desturi ila siku hiyo amechoka.

"Mama, saa ya wageni imeisha."

"Afande, ndugu yangu Nyakundi amesema maneno mbaya. Amesema tigara buya."

"Si hiyo ni kwaheri tu?"

"Hapana. Hiyo inasemwa na mtu anaenda. Mimi ndio naenda. Yeye anabaki. Sasa yeye anaenda wapi?"

Uso wa sajini ulibadilika. "Anataka kutoroka? Amepanga na nani?" Mkono wake tayari ulikuwa kwenye redio.

Hapo hofu ya Gesare ikazaa nyingine. Aliwaona akilini askari wakimvamia Nyakundi, wakimburuta, wakimfungia peke yake mahali asipokuwa na mtu wa kumtazama. Na akisema ukweli je? Sokoni alikuwa amesikia kwamba mtu akijaribu jambo lile anashtakiwa, anaongezewa kifungo. Akisema, amemuuza ndugu yake; asiposema, amemzika. Na kila dakika aliyosimama pale akipima, ilikuwa dakika ya Nyakundi.

Alilijaribu neno kwa Ekegusii, akashindwa. Ndipo akalisema kwa Kiswahili, lugha ya shule na ya wageni, ambayo hakuna aliyewahi kumfinya shavu kwa ajili yake.

"Afande, hatoroki. Anataka kujiua. Leo. Tafadhali usinicheke."

Sajini hakucheka. Alisema maneno machache redioni, na punde akaja Nyamusi, afisa wa ustawi wa wafungwa, mzaliwa wa Nyamache, msemaji wa Ekegusii kama yeye.

"Omong'ina," alimwita, kama aitwavyo kwao mama wa kuheshimiwa, "amesema tigara buya, na yeye ndiye anayebaki?"

"Ee."

Nyamusi hakuuliza la pili. Aligeuka akakimbia. Gesare alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba anawaza sana. Kumwona afisa wa serikali akikimbia kulimtisha kuliko yote.

Akawekwa kwenye benchi. Alisikia kufuli zikifunguliwa mbali, mtu akiitwa, kisha kimya. Alijilaumu kwa kila siku ya wageni aliyoipoteza kwa habari za ng'ombe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliikariri shuleni na kusahihishiwa vizuri, na haikumsaidia lolote. Alijaribu kuomba, akashindwa kuvuka maneno mawili ya kwanza.

Walipomwita ofisini kwa Nyamusi, Nyakundi alikuwa ameketi kwenye kiti, mzima. Kando yake alikuwa mfungwa mzee, Okemwa, wa chumba kimoja naye, amemshika bega. Nyakundi alimtazama dada yake kwa hasira.

"Umewaambia nini? Nani alikuambia?"

"Wewe."

"Mimi sikusema kitu."

"Ulisema tigara buya."

Hasira ikamtoka polepole. "Nilisema hivyo?" aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba hakujua. Husemwa ulimi uliponza kichwa. Wa Nyakundi ulikuwa umekitetea bila kumwomba ruhusa mwenyewe.

Nyamusi alisogeza kiti chake karibu. "Nyakundi, nakuuliza wazi. Unafikiria kujiua?"

Gesare alifumba macho. Alikuwa amefundishwa kwamba neno hilo likisemwa mbele ya mtu, limekwisha.

"Ndiyo," alisema Nyakundi. Kisha akaanza kulia, kilio kibaya cha mwanamume asiyezoea, na akawataja wale wanawake wawili kwa majina yao, mara nyingi.

Gesare na Okemwa waliachwa wakae naye. Nyamusi alieleza kwa upole kwamba hakuna atakayemshtaki kwa alichokisema, wala hatafungiwa peke yake, kwa maana upweke ndio ubaya wenyewe. Okemwa na mfungwa mwingine watapokezana kukaa naye, usiku na mchana. Muuguzi atamwona mchana huo huo, na mshauri kesho. Dada yake aje Alhamisi, ingawa si siku ya wageni.

"Utaningoja Alhamisi?" Gesare alimuuliza.

"Sijui, dada."

Gesare alitaka kumwapisha, kwa Biblia, kwa kaburi la baba. Nyamusi alimgusa mkono. "Mwache. Hilo 'sijui' ni jibu la kweli. Tutaanza na hilo."

Siku mbili hizo Gesare hakuuza ndizi. Kila simu ilipolia aliiangalia kwanza kama mtu anayeangalia nyoka, kisha akaipokea. Jumatano jioni alimketisha mama yake na kumweleza kila kitu kwa Ekegusii, pamoja na lile neno. Mama akamwuliza kama Nyakundi amekula.

Alhamisi alifika langoni kabla halijafunguliwa. Alimwona Nyamusi akija kutoka ndani, mwendo wa kawaida, na akajaribu kuusoma uso wake akashindwa. Hakuthubutu kuuliza.

Nyamusi alifungua mlango mdogo wa pembeni.

"Ingia, omong'ina," alisema. "Tangu alfajiri anauliza kama umefika."