Stempu za Ayalandi Ndani ya Sahani Nyeupe

Wajukuu zangu wanadhani nilizaliwa napenda stempu. Uwongo. Nilianza kwa kumvizia mume wangu.

Nilikuwa bi harusi wa miezi saba, tumepanga chumba mjini, mtaa wa Malindi, na maneno yalishanifika kwamba bwana anaposa kijijini Matemwe. Alikuwa tarishi kwa Mzungu mmoja wa Ayalandi. Jioni moja nachungulia mlangoni, namwona kainamia sahani nyeupe ya maji, anatumbukiza vikaratasi kimoja kimoja, midomo inamchezacheza. Kombe hilo! Na kombe, maandishi ya kisomo yanayooshwa kwa maji, hutengenezwa mtu anywe. Mgonjwa nyumbani hatuna. Basi wa kunyweshwa nani kama si mie, nipumbae, mke mwenza akija nimtandikie mkeka?

Siku nne sikutia kinywani alichokigusa.

Alipokwenda kazini nikafunua daftari lake. Yarabi! Upanga unatoa miale. Malaika ana mbawa, anaruka juu ya majabali. Pembeni mistari imesukwa kama ukili wa mkeka, inaingia, inatoka, mwanzo huuoni. Na herufi zake si za chuoni kwa Kurani, si za skuli. Mie nimesoma juzuu mbili tu, lakini talasimu, michoro ya uganga, siwezi kuikosea.

Jioni akarowesha tena. Nikamtokea.

"Nini hicho?"

"Stempu, mke wangu. Nazibandua na bahasha. Za zamani hizi, yule Mzungu kanipa. Huu upanga wa nuru, umo kwenye hadithi za wazee wao wa kale, Wakelti."

"Kunywa."

"Ninywe nini?"

"Hayo maji. Kama hukunisomea mie, kunywa."

"We mwanamke, hii gundi na mate ya Wazungu!"

"Mate ya Wazungu nafuu kuliko mke mwenza. Matemwe una nani?"

"Shangazi yangu! Kibogoyo, haoni!"

"Kunywa, bwana."

Akaibugia sahani nzima, macho kanikazia, malaika kamganda kwenye mdomo wa chini. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Usiku ule tukala sinia moja.

Matemwe nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Shangazi kweli, akanishika mikono akalia. Hata hivyo kazi ya kurowesha nilimnyang'anya mume wangu. Maji nikiteka mie, sahani nikiosha mie, na kila stempu naigeuza mbele na nyuma, naitazama juani, ndipo iguse maji.