Maneno Mawili Niliyoyakata

Bendi yetu ilikuwa mbovu, na mbovu kuliko wote alikuwa mwimbaji. Aliimba roki kwa Kiingereza asichokijua, akiyatafuna maneno kama mtu aliyechomwa ulimi na uji, na watu wa Dar es Salaam wakampigia makofi. Mimi nilipiga gitaa la umeme. Nilikuwa nimetoka kwetu Kiegeani, Mafia, na nilijiona bora kuliko wenzangu kwa sababu moja tu: nilikuwa na masikio. Wao walipiga kelele. Mimi nilijua kelele ipi imetoka wapi.

Miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa muziki wetu uliitwa uchafu wa kikoloni. Jioni moja vijana wa chama wenye mikasi walisimama mlangoni mwa ukumbi wakazipasua suruali zetu za kubana. Wenzangu waliapa hawatatishika. Wiki iliyofuata walikuwa wameshona suruali pana na kutunga nyimbo za kusifu kilimo cha pamba, na hapana hata mmoja aliyewahi kuuona mpamba. Niliwadharau kwa moyo wangu wote. Gitaa katika nyimbo hizo nilipiga mimi.

Siku tuliyokwenda kurekodi redioni, fundi mitambo alikuwa anasoma gazeti na ngoma zimefunika kila kitu. Nikaweka gitaa chini, nikaisogeza maikrofoni nyuma, nikamwambia apunguze sauti ya ngoma. Mkuu wa studio alikuwa akitazama nyuma ya kioo. Haukupita mwezi nikaajiriwa pale. Bendini sikurudi hata kuaga.

Nilijifunza kunasa sauti, kisha kukata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Nikawa hodari. Ndipo nikatumwa nyumbani Mafia, pamoja na afisa utamaduni mmoja, tukarekodi ngoma za vijiji vya ujamaa. Afisa huyo alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Njia nzima ya kwenda kijiji cha Bweni, gari likirukaruka, alinieleza jinsi wananchi wanavyopaswa kuimba.

Kiongozi wa kina mama wa Bweni alikuwa shangazi yangu, dada wa baba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ndiyo umekuwa mtu wa mashine?"

Nikawasha mashine, wakaimba. Sauti ya shangazi ilikuwa kavu, imenyooka. "Shamba letu la ujamaa limelimwa," akaanza, na wenzake wakaitikia kwa pamoja, "Kwa mdomo!" Kisha vigelegele, kisha kicheko. Kila mtu kijijini alijua shamba hilo ni magugu matupu, na kwamba mwenyekiti hulilima mikutanoni.

Afisa akainua mkono. "Mama, huo wimbo haufai."

"Haufai kwa nani?" shangazi akauliza.

Afisa akatoa karatasi yenye beti alizoziandika mwenyewe, akawasomea wazishike. Waliziimba kama watu wanaosoma risiti. Shangazi hakufumbua mdomo. Tukaondoka.

Tuliporudi studio, afisa alikaa karibu yangu, amekata tamaa, kwani ripoti yake ilihitaji wimbo. Hakuniamuru kitu. Hilo lazima niliseme, maana kwa miaka mingi nilisimulia kwamba aliniamuru. Nilitaka kumwonyesha ninachoweza. Nikachukua wembe na utepe wa ule wimbo wa kwanza, nikaondoa "kwa mdomo" kila palipotokea, nikaunga vigelegele palepale. Ukisikiliza, wanawake wa Bweni wanafurahia shamba lililolimwa. Hakuna kiungo kinachosikika. Afisa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mimi, mpumbavu, nikaona fahari.

Wimbo ulipigwa redioni nchi nzima. Nikapandishwa cheo kuwa mtayarishaji wa vipindi. Wakubwa wakataka kuuona huo muujiza wa Bweni, wakatangaza ziara. Mwenyekiti, badala ya kukiri, akawatoa kina mama walewale wakalime magugu yale kabla wageni hawajafika. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Walilima siku sita, wamefunga, juani, kwenye ardhi yenye mawe. Wageni wenyewe waliishia mjini Kilindoni, wakala samaki, wakarudi.

Habari hizo nilizipata kwa barua ya baba. Nilingoja miezi kadhaa ndipo nikaenda, na hata hapo nilijificha nyuma ya kazi: nikabeba tepurekoda.

Shangazi alikuwa uani anasuka makuti. Aliipokea shikamoo yangu, lakini hakuniita baba.

"Wewe ndiye uliyetulimisha," alisema.

Nikaanza kumweleza habari za afisa. Akanikatiza. "Afisa anajua kutumia wembe?"

Nikaitua tepurekoda chini. Baadaye, kwa ujinga ambao mpaka leo siuelewi, nikamwomba aimbe tena, nikaapa safari hii sitagusa kitu.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Akaendelea kusuka. Nusu saa nzima utepe ulizunguka na yeye hakutamka neno, hakuniangalia. Ukuti ulipita juu ya ukuti, kuku akapita, jirani akabisha hodi na kuitikiwa kwa kichwa. Utepe ulipokwisha ukawa unapigapiga hewani.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata, shangazi."

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniletea muhogo wa nazi, akaketi mbali nami mpaka nilipomaliza.