Simbilisi wa Chumba cha Binti Yangu

"Mama, kati ya mwanao na hao wanyama wako, unamwamini nani?"

Jirani aliniuliza hivyo tukianika nguo. Nilibana shuka kwenye kamba, nikachukua foronya.

Kazi yangu ni kulisha simbilisi. Wale wadogo wasio na mkia, wanaopiga miluzi wakisikia majani.

Wanaishi juu ya wodi ya kifua kikuu. Mabomba yanavuta hewa ya wagonjwa mpaka kwao, kila chumba na kizimba chake.

Halafu daktari anawachoma sindano ya ngozi. Pakivimba, mdudu kaingia.

Mgonjwa akimeza dawa, simbilisi wa chumba chake hubaki wazima. Ndivyo tulivyozoea.

Wa chumba cha binti yangu, aliyelazwa wodini humo, walivimba. Wote.

Sikulia. Nilibadilisha maji, nikafagia.

Habari ikamfikia shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Tunakaa nyumba moja. Naye alishaugua kifua, akajisifu kapona hata kabla dawa hazijaisha.

Akasema mtoto anatema vidonge.

"Shemeji, panya hana sababu ya kudanganya. Huyo mwongo harudi kwenye nyumba ya kaka yangu."

Mtaa ukalidaka neno hilo. Ndipo jirani akaja na swali lake.

Mimi kila asubuhi nilisimama dirishani pa binti. Anameza, anafungua kinywa, ananitolea ulimi kama alipokuwa mdogo.

Mungu anaona. Siku hizo na mimi nilikuwa naona.

Nikamwambia daktari: anameza, mpime tena.

Makohozi yakapimwa upya. Majibu yalipotoka, tukaitwa mimi na shemeji.

"Binti anameza," daktari alisema. "Ila mdudu wake kaizoea dawa hii. Tutambadilishia. Mdudu wa hivi mara nyingi huanzia kwa mtu aliyeacha dozi njiani. Nani kwenu aliacha?"



Sikumtazama shemeji. Nilikuwa namfikiria marehemu, aliyelala chumba kimoja na mdogo wake mpaka kifua kikamchukua.

Wanyama hawakumsingizia mtu. Walisema hewa ni chafu, basi. "Mwongo" ni neno la mwenye ulimi.

Wewe unayesoma, dozi ukiianza, imalize. Kuna mtu analala pembeni yako.

Shemeji alichukua kofia yake mezani, akafungua mlango, akatoka.