Kompyuta ya Mama Ilipokuwa Nzito

Mimi si mtu wa subira, na kompyuta nzito hunipandisha hasira kuliko mtu mzito. Mtu mzito unaweza kumsukuma. Nina duka la steshenari pale njia panda ya Usagara, na wateja wangu wengi huja kuchapa barua huku gari lao likiwapigia honi. Mashine ikisuasua kidogo tu, mteja kahamia kwa jirani. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Mkolani kuniambia kompyuta yake imechoka, "ukiibonyeza inakutazama tu," niliona hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Jumapili baada ya ibada nikabeba bisibisi na brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, nikaenda.

Kompyuta ile aliinunua kaka yangu, kifungua mimba wa mama, anayeishi Kanada. Alikuja kumzika baba, na kabla ya kuondoka akaifunga sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya redio. Macho ya mama hayapatani na vioo vya simu. Yeye na kitochi chake cha vibonyezo wanatosheka. Kaka akamwambia, "Mama, kwenye hii utatuona wote, mimi na wajukuu zako. Wewe iache inawaka tu. Mimi nitakuwa napiga." Na kweli alipiga. Kila Jumapili tulikuwa tunasikia habari mpya: mjukuu kang'oka jino, mjukuu kateleza kwenye theluji. Baadaye zikaanza kupita Jumapili bila simu.

Mama alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa yeyote aliyeuliza, kuanzia majirani mpaka kina mama wenzake wa jumuiya. "Anapiga. Tatizo ni hii mashine, mpaka ifunguke, mwenzangu ameshakata." Watu wakatikisa kichwa kwa huruma. Na mimi nikaamini, maana kompyuta nzito nazijua.

Nilimkuta mama amekaa kando ya kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako huyu hapa."

Mgonjwa alikuwa amefunikwa. Nyumbani kwetu kitu chochote cha thamani lazima kivishwe kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, migongo ya makochi, hata jagi la maji. Cha kompyuta mama alikifuma mwenyewe, cheupe chenye maua pembeni, kirefu hadi kinaziba nyuma pote pa kutolea joto.

"Mama, unafunikaje kitu kinachopumua?"

"Ningeiacha uchi? Na wale wadudu wa ziwani?"

Nilipoondoa kitambaa na kukitupia begani, boksi lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikaizima, na nilipolifungua nikawakuta haohao wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi upepo ukigeuka na kuifuata taa popote ilipo. Walikuwa wamekaukia kwenye feni, wameshikamana na vumbi hadi mapanga yake hayaonekani. Nikachokoa, nikapuliza, nikapiga chafya, nikalalamika. Mama akanipa pole kila nilipopiga chafya.

Nikaiwasha. Ikaguruma, ikafika mahali, ikasimama. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Joto lilikuwa nusu tu ya ugonjwa. Ilipokubali hatimaye, nikatafuta mahali panapoonyesha programu zinazojifungua zenyewe mara mashine ikiwashwa, na hapo ndipo nikacheka. Programu za kupiga simu za video zilikuwa tano, na zote zilikuwa zinagombania kuamka kwa pamoja.

"Nani kakuwekea hizi zote?"

"Fundi wa hapo barabarani. Ile ya kwanza ndiyo aliyoniachia kaka yako. Akahamia nyingine, na mimi nikamfuata. Halafu wajukuu wakapenda ile ya rangirangi. Kila walikohama nimewafuata."

"Sasa zile za zamani mbona hukuzitoa?"

"Na akirudi kule asinikute?"

Nikamwambia huwezi kuinjika sufuria tano kwenye jiko moja ukategemea ziive. Akasema mgeni akifika na njaa hatauliza jiko lilikuwa moja au mangapi. Ndivyo alivyo mama, hakosi neno. Nikazitoa nne, nikaacha ile ambayo najua kaka anaitumia, nikaizima mashine na kuiwasha upya. Wakati inawaka, mama aliingia chumbani, akarudi amejifunga kitenge kipya na kilemba. Ilikuwa Jumapili. Saa ya kaka ndiyo hiyo.

Nikabonyeza. Programu ikafunguka palepale, kama mlango uliokuwa umeegeshwa tu. "Ona sasa!" nikasema, nimejaa sifa zangu.

Mama akasogeza kiti. Picha ya kaka ilikuwa juu kabisa, amevaa koti kubwa, anacheka. Pembeni yake palikuwa na kidoa cha kijani.

"Hiki cha kijani nini? Sijawahi kukiona."

Hakuwahi kukiona kwa sababu alizoea kupokea tu simu inapolia, na siku hizi mashine haikuwa ikifika huko. Nikajibu haraka, bila kufikiri, kama ninavyomjibu mteja.

"Maana yake yupo, mama. Yuko hewani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Tukakaa. Nilichemsha chai, tukanywa, nikajifanya napanga vitambaa. Kidoa kile hakikuondoka, na simu haikulia. Nilianza kuelewa nilichofanya.

"Mpigie wewe, mama. Ni kubonyeza hapa tu."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Nimpigie mimi? Mzazi amtafute mtoto ili mtoto amwamkie? Shikamoo haiombwi, mwanangu. Mimi ni wa kuamkiwa."

Ndivyo tulivyolelewa, asubuhi hukai mezani hujamwamkia mkubwa, na mkubwa hakufuati kitandani kukukumbusha. Tukaendelea kukaa. Mwisho kidoa kikazimika.

"Ametoka," mama akasema.

"Labda ameitwa kazini."

"Labda." Kisha, kwa sauti ndogo: "Mwanzo mashine ilikuwa inachelewa tu."

Akainuka, akachukua kitambaa chake kilichokuwa begani kwangu, akakitandaza vizuri. Safari hii alikivuta mpaka mbele, kikafunika na kioo.

Nilipofika Usagara nilimpigia kaka kwa simu yangu, na nilimpigia kwa hasira. Naye akanijia juu. "Mbona mama hapigi? Kila nikifungua namwona yupo. Asubuhi yupo, usiku yupo. Anajua tupo, na hapigi. Nikajua ametuchoka." Nikamweleza kwamba mama anaonekana yupo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia asiizime kompyuta, na hata kioo kikiganda, programu inaendelea kumwonyesha yupo. Nikamkumbusha nani humwamkia nani. Nikasikia watoto nyuma yake wakisema Kiingereza. "Ni kweli," akasema. "Nitapiga." Hajapiga. Nadhani sasa ni aibu inayomzuia, na aibu ya mtoto wa kwanza ni nzito kuliko kompyuta yoyote.

Ninajuta kuishika mashine ile. Nimezoea kudhani kila kinachochelewa kinaomba kuharakishwa, na sikujiuliza mama alikuwa anaishije na ule uchelewaji. Ulikuwa unamsitiri. Alikuwa na mwana anayempigia kila Jumapili na mashine mbovu, na mashine mbovu si aibu ya mtu. Mimi nikaja na brashi yangu nikamwachia mashine nzima.

Nikimpigia huwa namuuliza kompyuta inaendeleaje. "Nzuri," anasema. "Inafunguka upesi." Maneno ya "mwenzangu ameshakata" sijayasikia tena. Juzi nilikuwa kwake, jirani akapita, akauliza kama kawaida, mwanao wa Kanada hajambo? Nilimwona mama akitupia jicho meza ile iliyofunikwa, akitafuta la kusema.

"Yupo," akajibu.